Posa Iliyokaa Karantini

Mjukuu wangu Deliza hakuwahi kunikatalia jambo mbele ya wageni, mpaka asubuhi ile watu wa mji wa Siaton walipokuja kumposa.

Sisemi hivyo kwa kumlalamikia. Nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipokwenda Kuwait kufanya kazi ya uuguzi na baba yake akarudi melini, na hapa mjini Dumaguete hakuna jirani asiyejua kwamba nyumba yangu ni nyumba ya utaratibu. Viatu vina mahali pake na chakula kina saa yake. Nilifundisha hesabu katika shule ya mapadre hadi nywele zikawa nyeupe, na nilipostaafu sikuona sababu ya kuustaafisha utaratibu pamoja nami. Deliza alikua ndani ya utaratibu huo, akasoma, akawa mfamasia, na hata leo akipita barabarani na koti lake jeupe mimi husimama dirishani nikamtazama mpaka apotee kwenye kona. Hilo halimhusu mtu.

Katika sebule yangu kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho amri yangu haikukifikia, nacho ni tangi la samaki la Deliza. Lilikuwa la kioo, refu kama kitanda, limejaa maji ya chumvi na mawe ya baharini, na ndani yake alitawala samaki jike mwenye rangi ya damu ya mzee na mistari mitatu ya dhahabu, aliyeitwa Donya. Donya aliishi katikati ya ua la bahari lenye vidole laini, na kutoka hapo aliwafukuza wenzake, aliuma mkono uliokuja kusafisha kioo, na alinitazama mimi kwa namna ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuthubutu.

Wenzake Donya hawakuwa wa zamani. Wa zamani walikufa wote. Deliza alinunua samaki mmoja wa buluu sokoni, mzuri kupita kiasi, akamtia moja kwa moja tangini siku ile ile kwa furaha. Samaki yule alikuja na ugonjwa. Madoa meupe kama chembe za chumvi yalienea kutoka kwake hadi kwa wengine, na kila asubuhi Deliza alikuwa akiopoa maiti kwa kijiko cha supu huku machozi yakimtiririka. Alibaki Donya peke yake. Tangu hapo mjukuu wangu aliweka kanuni: samaki mgeni, awe ametoka wapi na ameletwa na nani, kwanza atakaa karantini kwenye beseni kubwa katika chumba cha kufulia, mpaka yeye Deliza aridhike. Niliipenda kanuni ile. Sikujua ingekuja kunigharimu nini.

Kijana aliyetaka kumwoa aliitwa Eleuterio Calumpang, na kwao humwita Teryo. Ni fundi wa injini za boti, mchapakazi, mcheshi kupita ninavyopenda, lakini anajua kumshika mzee mkono na kuugusisha kwa heshima kwenye paji la uso wake bila kukumbushwa. Siku ya posa alikuja na baba yake Restituto, ambaye ni mfugaji wa majogoo ya kupiganisha, na ami zake wawili waliobeba nguruwe mzima wa kubanikwa juu ya mwanzi. Mbele yao wote alitembea nyanya yake, Bibi Basilisa, mwanamke mfupi, mnyoofu kama rula, amevaa gauni la kanisani. Nilitambua mara moja kwamba neno la ukoo ule lilikuwa mdomoni mwake. Akikubali, wamekubali. Akikataa, basi hata Teryo alie damu, hakuna harusi.

Kwa watu wa Siaton wa ukoo ule kuna desturi wasiyoichezea. Kilicholetwa na upande wa mwanamume lazima kichanganywe na cha nyumba ya mwanamke kabla mtu yeyote hajatia chakula mdomoni. Kilichoachwa kando kinahesabiwa kuwa kimekataliwa. Kwa hiyo Bibi Basilisa alikwenda mwenyewe jikoni kwangu, akafungua mtungi wa mchele, akamimina mchele wao juu ya mchele wetu na kuukoroga kwa mkono. Chumvi yao ikaingia kwenye chumvi yetu. Nguruwe akalazwa mezani kando ya samaki wetu wa kukaanga. Mambo yote yalikwenda kwa taratibu nzuri, nami nilikuwa nimeridhika moyoni, mpaka ami mmoja alipoingia na sanduku la kuwekea barafu.

Ndani ya sanduku kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye maji, na ndani ya maji samaki wawili. Nakiri walikuwa wazuri. Walikuwa wa aina iitwayo vipepeo, weupe wenye mikanda miwili myeusi na mkia wa manjano, na kutoka mgongoni mwa kila mmoja pezi moja jeupe lilirefuka na kuelea nyuma kama shela ya bibi harusi.

"Wanangu wamewavua kwa wavu wa mkono, wala hawakuwaumiza," Bibi Basilisa alisema. "Teryo hana hadithi nyingine nyumbani ila samaki wa Deliza, samaki wa Deliza. Nikasema, basi na waende na samaki. Haya, mama. Wamimine."

Deliza alikuwa amekwisha kusimama mbele ya tangi. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya kifuniko.

"Asante sana, Bibi. Ni wazuri mno. Lakini humu hawawezi kuingia leo."

"Hawawezi, au hutaki?"

"Sitaki, Bibi."

Nilisikia pampu ya hewa ikikoroma.

"Deliza," nikasema, kwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha darasa zima, "watie samaki."

"Niadhibu baadaye, Babu. Leo hawaingii."

Bibi Basilisa alinigeukia mimi kwanza, kama anayetaka kujua ni malezi gani yale, kisha akamrudia Deliza. "Mchele wetu umeingia. Chumvi yetu imeingia. Nguruwe wetu amelala mezani kwenu. Samaki wetu ndio wenye uchafu?"

"Hawana uchafu, Bibi. Ni wageni tu. Watakaa nyuma kwanza, kwenye beseni lao, niwatazame."

"Hata sisi ni wageni! Utatuweka nyuma kwenye beseni utukague?"

Ami aliyeshika sanduku alicheka, akajifanya anakohoa. Teryo alikuwa anatazama dari kana kwamba kuna injini imeharibika huko. Ndipo Deliza akamgeukia Restituto, mfuga majogoo, akamwuliza kwa adabu kabisa:

"Baba, ukinunua jogoo mgeni, unamfunga wapi?"

"Mbali na wenzake, mwanangu," Restituto akajibu papo hapo, maana hiyo ndiyo mada aipendayo kuliko zote. "Nyuma kabisa ya nyumba. Mafua ya kuku si mchezo, yanaweza kukufagilia banda zima."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimwone anakula vizuri, anawika, na choo chake kimekaza."

"Restituto!" mama yake alimkemea.

"Nimeulizwa, Mama! Ninajibu tu."

"Hata Teryo tulimchunguza hivyo hivyo kabla ya kumleta," ami wa pili akasema, "ila kuwika tu ndiko kulikotushinda." Watu wakacheka, mimi nikajizuia, na kwa kitambo kidogo nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Bibi Basilisa alisubiri mpaka kicheko kikatike.

"Jogoo hapelekwi kwenye posa," alisema. "Sikiliza, mama. Mimi sigombi na mtu ndani ya nyumba yake. Waweke unapotaka. Lakini desturi ni desturi. Siku samaki wangu watakapoingia humo na kuishi na wenu, siku hiyo nitatoa neno langu. Wakifia kwenye beseni lako, tutajua kuwa hamkututaka, na kila mtu ashike njia yake. Umekubali?"

Teryo akafungua mdomo. Nyanya yake akainua kidole kimoja tu, mdomo ukafungika.

Nilikuwa mwenye nyumba, na neno langu moja lingetosha kuyamaliza yote. Ningeweza kuushika mfuko mwenyewe na kuukata. Nilimtazama mjukuu wangu. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kifuniko. Hapo sikuona utovu wa adabu hata chembe. Niliona mtu aliyejua alichokijua, na aliyekuwa tayari kupoteza alichokipenda kuliko kujifanya hajui.

"Bibi Basilisa," nikasema, "kanuni ya nyumba hii haimchagui mgeni. Sharti lako tumelikubali."

"Vizuri," akasema. "Sasa tuleni. Nguruwe hana kosa."

*

Hivyo ndivyo posa ya mjukuu wangu ilivyohamia chumba cha kufulia, ikakaa kati ya mashine ya kufua na pasi.

Deliza aliwazoesha samaki maji ya beseni kidogo kidogo, tone baada ya tone, kwa mpira mwembamba aliokuwa ameufunga fundo. Ndani ya beseni aliweka chujio, kipande cha bomba wapate kujificha, na hakuna zaidi. Wavu wa chumba kile haukuruhusiwa kukanyaga sebuleni, na wavu wa sebuleni haukuruhusiwa kule. Taulo kadhalika. Aliyechovya mkono huku alipaswa kuuosha kwa sabuni na kuukausha kabla ya kusogelea kule. Nilikabidhiwa usimamizi wa jambo hilo, nami niliusimamia kwa rula ya mbao.

Tatizo lilikuwa kwamba samaki hawakula. Walijibanza nyuma ya bomba, mapezi yao marefu yamelala, na kila chakula alichowapa Deliza kilishuka mbele ya pua zao mpaka chini bila kuguswa. Siku ya soko, mlango uligongwa. Alikuwa Bibi Basilisa, peke yake, na mwavuli.

"Sikuja kwenu," akaniambia kabla sijamkaribisha. "Nimekuja kwa samaki wangu."

Nilimwongoza. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya beseni, akawatazama kwa muda mrefu. "Wamekonda," alisema.

"Hawajala, Bibi," Deliza akajibu. "Wengi huwa hivyo wakitoka baharini. Hawajui kwamba hivi ni vyakula. Ningepata kome wabichi, niwafungue na kuwaweka wazima chini, labda wangewadonoa kama walivyozoea kudonoa kwenye mawe."

"Kome?"

"Walio hai, Bibi. Wa soko letu wamekufa kabla ya kufika."

Bibi Basilisa akainuka, akaenda zake. Siku ya pili yake, kabla sijamaliza kahawa yangu, alikuwa tena mlangoni na ndoo ya kome iliyofunikwa gunia lililoloweshwa. Alikaa kwenye kigoda kile kile, akafungua kome wa kwanza kwa kisu chake mwenyewe, na Deliza akamshusha taratibu. Tulingoja. Samaki mmoja akatoka nyuma ya bomba. Akamzunguka kome. Akatoa ile pua yake ndogo, akadonoa mara moja, akarudi nyuma kama aliyeiba.

"Kula, mwanangu, kula," Bibi Basilisa akanong'ona. "Hujaiba, ni kome wa kwenu."

Samaki akarudi, safari hii na mwenzake. Deliza alinikumbatia mimi, kisha akamkumbatia Bibi Basilisa kabla hajakumbuka kwamba wana mgogoro. Bibi naye alimpigapiga mgongoni mara mbili, akajikumbuka, akaushika mwavuli wake. "Sharti langu liko pale pale," akasema.

"Najua, Bibi."

"Nakukumbusha tu."

*

Ilikuwa Teryo aliyeyaona madoa kwanza. Alikuja jioni kusaidia kuhamisha ndoo za maji, akainama juu ya beseni, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Chembe nyeupe, ndogo kama chumvi, zilikuwa zimetapakaa kwenye mapezi ya samaki wote wawili.

"Nyanya atasema tumewaua," alisema.

"Hawajafa," Deliza akamjibu.

"Sikilizeni." Teryo akashusha sauti, akamsogelea Deliza na mimi. "Kesho alfajiri ninakwenda na boti. Vipepeo hawa wapo tele, na wote wanafanana. Tunachukua wawili wengine, tunaweka hapa. Nani atajua?"

"Kijana," nikamwambia, "katika nyumba hii hatuibi majibu."

"Si wizi, Babu. Ni..."

"Ni nini?"

Teryo akainama tena juu ya beseni.

"Hata hao wengine wangekuja na ugonjwa huo huo," Deliza akasema kwa upole. "Na mimi sitaki kuolewa kwa samaki wa kubandika, Teryo. Mpigie Bibi simu. Mwambie aje aone."

"Nimwambie kwa simu?"

"Mwambie aje. Nitamwonyesha mwenyewe."

Alikuja asubuhi, na alikuja na kiti chake cha kukunja, maana alisema kigoda chetu kinamuumiza. Deliza hakumzungusha. Aliwasha taa ya mkononi, akaielekeza ndani ya maji, akasema, "Bibi, wanaumwa. Tazama." Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaiacha mikono yake ikining'inia, kama mtoto anayesubiri alama zake.

Bibi Basilisa aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa maji.

"Wametoka nao kwetu? Kwenye bahari yetu?"

"Ndiyo, Bibi. Lakini bahari yenu haina kosa. Kidudu hiki kipo baharini kote. Kule samaki anapita, maji yanapita, kidudu kikianguka hakimpati tena. Ndani ya kioo hakina pa kwenda, kinamrudia yeye na majirani zake wote."

"Na kama tungewamimina siku ile?"

Deliza alitazama tu upande wa sebuleni, ambako Donya na wenzake walikuwa wakingojea chakula chao cha asubuhi, na Bibi Basilisa akafuata macho yake.

Hapo bibi yule alifungua mkoba wake, nami nilidhani anatafuta leso. Alitoa chupa ndogo ya maji ya baraka kutoka kanisani kwao, akaanza kuifungua juu ya beseni.

"Bibi, la!" Deliza alidaka mkono wake. "Maji ya bomba yana dawa ya kuulia vijidudu, yatawachoma."

"Haya ni maji ya baraka, mtoto! Yameombewa!"

"Kwa nje, Bibi. Nyunyiza kwa nje. Baraka inapenya kwenye beseni."

Bibi Basilisa alinigeukia mimi, mzee wa shule ya mapadre, anipe hukumu. Sikupata kusoma jambo hilo popote, lakini nilisimama wima. "Inapenya," nikasema. Basi akanyunyiza kwa nje, akafanya ishara ya msalaba juu ya mashine ya kufua pia, kwa uangalifu, na tukaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya namna hii. Kidudu kile hukaa mwilini mwa samaki kwa muda, kisha huanguka chini ili kuzaana. Ukimhamisha samaki kwenye beseni safi kabla watoto wa kidudu hawajatoka, unakiacha peke yake katika maji matupu, naye samaki anakwenda zake. Kwa hiyo kila siku ya tatu asubuhi tulihamisha. Deliza aliwachota samaki. Teryo aliandaa maji mapya ya chumvi, yenye joto sawasawa na ya zamani. Mimi nilisugua beseni lililotumika, nikalianika juani mpaka likauke kabisa, na Bibi Basilisa alipitisha kidole ndani yake kuhakikisha.

"Hapa pana unyevu, Mwalimu."

"Hapana."

"Pana. Tazama kidole changu."

"Hilo ni jasho lako, Bibi."

"Mimi sitoki jasho. Anika tena."

Nikaanika tena. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kusahihishwa na mtu kwa kiasi kile, na jambo la ajabu ni kwamba nilianza kuzisubiri siku za kuhamisha. Alikuwa akija na budbud, ule wali mtamu uliofungwa jani la mgomba, na baada ya kazi tulikunywa chokoleti ya moto na kubishana kuhusu mahubiri ya Jumapili. Alibishana vizuri. Hakuwa mtu wa kukubali kwa ajili ya adabu tu.

Madoa yalipungua, yakaisha. Mapezi marefu yakainuka tena. Hata hivyo Deliza hakuwa na haraka. Alisema wakae zaidi, awaone wakila, wakinenepa, wakitembea beseni zima bila kujificha. Teryo alikuwa na haraka ya watu watatu, lakini hakuna aliyemwuliza.

*

Siku Deliza aliporidhika, alianza na Donya. Alihamisha mawe yote tangini, hili kule na lile huku, mpaka Donya alipogeuka hakuujua tena mpaka wa milki yake. Alizunguka kwa hasira akitafuta nani wa kumlaumu. Baadaye vipepeo waliingizwa ndani ya kisanduku cha plastiki chenye matundu, kilichoning'inizwa ndani ya tangi, ili wenyeji na wageni wazoeane kwa macho kabla ya kukutana kwa meno. Donya alikishambulia kisanduku kutwa nzima.

"Huyo si samaki," Teryo akasema. "Huyo ni mama mkwe."

"Nimekusikia," Bibi Basilisa akajibu kutoka jikoni.

Jumamosi ilichaguliwa kuwa siku ya kuwafungulia. Restituto na ami wawili walikuja bila kualikwa. Deliza alizima taa ya tangi, akafunga mapazia, akatuketisha wote kwa umbali, akatuamuru tusiinue sauti, kwa sababu samaki mgeni akishtuka huweza kujigonga kwenye kioo. Amri ile niliiunga mkono. Kisha akakiinamisha kisanduku chini ya maji, polepole, mpaka mlango wake ukawa wazi.

Vipepeo hawakutoka.

"Namwekea Donya dau la jogoo wangu mwekundu," Restituto akanong'ona.

"Mimi nashika wageni," ami mmoja akanong'ona. "Jogoo na tetea wake."

"Nitawafinya wote wawili," Bibi Basilisa alisema. Alikuwa ameketi pembeni mwa kiti, mikono imeshika mkoba, na niliona kwamba alikuwa na hofu kuliko Teryo. Neno lake lilikuwa ndani ya kisanduku kile, naye hakuwa na namna ya kulitoa isipokuwa kwa ile aliyoitaja mwenyewe.

Kipepeo wa kwanza akatoka. Pezi lake jeupe likafunguka nyuma yake katika mwanga hafifu. Wa pili akamfuata kwa karibu. Walipita juu ya jiwe la kwanza, juu ya la pili, na Donya akawaona.

Alitoka ndani ya ua lake kama risasi. Deliza alishika wavu. Teryo akafumba macho. Donya alimfikia kipepeo wa mbele, na kipepeo yule badala ya kukimbia aliinua miiba yote ya mgongoni, akageuza ubavu, akasimama hapo hapo majini. Mwenzake akasimama kando yake. Donya akasimama naye. Walitazamana. Sisi tulikuwa watu saba katika sebule ile, na sidhani kama kuna aliyekuwa akipumua.

Donya akageuka, akaenda kuuma jiwe.

"Droo," Restituto akanong'ona kwa masikitiko.

Deliza alishusha kome mmoja aliyefunguliwa. Vipepeo wakaja kudonoa. Samaki wawili wadogo wa nyumba wakasogea kando yao, wakapata sehemu yao, na hakuna aliyemfukuza mwenzake. Mwishowe Donya mwenyewe alifika, akang'oa kipande kikubwa kuliko wote, akaenda nacho kwake. Wale wengine waliendelea kula.

Sote tulimtazama Bibi Basilisa. Alisogea hadi kwenye kioo, akainama, akakaa hivyo. Alipogeuka macho yake yalikuwa yamelowa.

"Njoo hapa, mama," akamwambia Deliza. Deliza akaenda. Bibi akaushika uso wake kwa mikono miwili. "Nikikuletea mjukuu wangu, naye utamchunguza hivi? Utamtunza hivi?"

"Zaidi, Bibi."

"Basi nimekubali. Mchukue."

Teryo akaruka kutoka kitini na mdomo wazi, na Deliza akamwonyesha kidole mdomoni: samaki! Teryo akaumeza ukelele wake, akaanza kucheza bila sauti katikati ya sebule, mikono juu, bila viatu. Ami wawili wakapigiana makofi hewani bila viganja kugusana. Restituto akaja kunishika mkono, akaubonyeza mpaka vidole vikalia.

"Harusi Siaton," Bibi Basilisa akanong'ona, maana yeye hapotezi wakati. "Kanisa letu ni kubwa."

"Harusi ni hapa Dumaguete," nikanong'ona. "Bibi harusi huolewa kwao."

"Wageni mia nne."

"Mia mbili."

"Nina binamu mia mbili peke yangu, Mwalimu!"

"Chini, Bibi, tafadhali," Deliza akatusihi, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mia tatu," Bibi Basilisa akanong'ona, ameusogeza uso wake karibu na wangu gizani, "na nguruwe sita."

"Wanne."

"Sita, na chokoleti juu yangu."

Nikafikiri. "Sita," nikasema, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kutumia maishani.